Majina Tuliyopeleka Lilongwe

Kwanza viatu. Vumbi la kambi yetu ya Dzaleka ni jekundu na linajulikana. Askari wa mlangoni kwenye ofisi za Lilongwe hakutazami usoni, anatazama viatu, na akishauona wekundu ule anajua unatoka wapi na anakuambia bosi hayupo. Kwa hiyo beba kitambaa. Ukishuka kwenye minibasi, kabla hujavuka barabara, inama ufute. Katika miaka yote ya kazi hii, pengine hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kuwafundisha bila kusita.

Ninyi mnaobaki kwenye komite mmeniomba niandike kazi nilivyoijua. Mi nilisoma mpaka darasa la sita kule Kindu, Kongo, halafu nikashika mwiko wa mwashi, kwa hiyo mtanisamehe. Cheo changu cha prezida wa Komite ya Jengo la Zamani mnakijua, sitakizungumzia. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwepo. Nimeacha kwa kuwa magoti yamekataa, na kwa sababu nyingine mtakayoiona mbele. Nitaandika yaliyokuwa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema.

Kazi ilianza kwa nyundo kukosea. Niliitwa kuziba nyufa katika lile jengo refu la matofali lililokuwa stoo. Sote tulijua kwamba kabla ya kambi pale palikuwa jela, ambamo serikali ya zamani iliwafungia watu iliowaogopa. Tulijua tu, kama unavyojua jina la babu wa jirani. Siku hiyo nilikuwa nabandua plasta iliyolegea ili mpya ipate kushika. Nikapiga zaidi ya inavyotakiwa. Kikaanguka kipande kikubwa kama mlango, na nyuma yake kulikuwa na plasta nyingine, ya chokaa, imejaa mikwaruzo. Mistari ya kuhesabu siku. Misalaba. Mwezi na nyota. Majina. Jina moja la mwanamke lilikuwa limerudiwa safu kwa safu, Eliza, Eliza, Eliza, kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni.

Niliona aibu. Nilidhani nimeharibu kitu cha watu. Nikachanganya simenti upesi nifunike kabla msimamizi hajaja, na ningefunika kweli, na leo msingekuwa na komite. Kilichonizuia si akili. Simenti haikutosha.

Ndiyo maana ukuta ulikuwa bado wazi siku mtu wa kabaza, baiskeli ya abiria, alipomshusha mzee mmoja Mmalawi pale nje, amevaa suti ya kijivu na soksi mbili zisizofanana. Nilikuwa nimeshamwona. Alikuwa akija mara mojamoja, anasimama kwenye jua, anatazama jengo kutoka nje, kisha anapanda tena baiskeli na kwenda zake. Safari hii aliingia bila kubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaweka kidole juu ya Eliza.

"Mwandiko wangu ni mbaya mpaka leo," alisema.

Huyo ndiye Bambo Kamwendo, na yeye ndiye mwalimu wangu. Alifungwa mle akiwa kijana. Alipotoka akawa karani wa kupiga chapa katika halmashauri, akastaafu, akaenda kukaa Mtandire, pale pembeni mwa mji. Aliongea Chichewa, na siku zile mi nilielewa nusu, nusu nyingine nikabahatisha. Kwa hiyo maneno yake ninayoyaandika hapa ni yake kwa kiasi nilichoshika.

Nilimuuliza Eliza ni nani, nikitegemea aseme mke wangu. Mkewe anaitwa Grace, na yeye mwenyewe ndiye aliyenijibu, siku ya kwanza niliyokula nsima, ugali wao, nyumbani kwao. "Eliza hakumngoja," alisema akinipakulia. "Mimi nilikuja baadaye, nikamfulia, nikamzalia. Mimi sina ukuta." Bambo Kamwendo akaangalia sahani yake. Nafikiri lilikuwa neno la zamani kati yao, maana Grace alilisema bila hasira na mzee aliliitikia bila kujitetea.

Tuliamua kuomba jengo lile lihifadhiwe, na alichonifundisha mzee yule, aliyeniita achimwene, yaani ndugu, ni hiki. "Achimwene, barua moja, ombi moja. Ukiomba mawili watakupa lile usilolitaka." Tena: usiende ofisini Ijumaa, wala siku baada ya sikukuu. Msalimu karani kabla ya bosi, kwa sababu faili linalala kwa karani. Tena, na hili ndilo lililoniuma: "Usiandike kwamba mnataka haki. Andikeni kwamba mnaomba jambo hili liingizwe katika muhtasari wa kikao. Haki haina droo ya kuwekewa. Muhtasari una droo."

Wa pili kujiunga na komite alikuwa Neema, mshonaji kutoka Bukavu. Alikuwa na cherehani yake mjini, mtaa wa Area 36, na wateja, mpaka wakimbizi wa mjini walipoambiwa warudi kambini. Alimaliza sekondari, anaandika Kifaransa na Kiingereza. Barua ya kwanza niliyoitunga mimi aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Papa Rama, hii barua iko sawa sermon ya padiri. Na we ni muislamu!"

"Toa yasiyofaa."

"Nikitoa, itabaki tarehe na jina yako."

Akaiandika upya, mistari minane. Hiyo ndiyo mnayoiona mwanzo wa faili.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutembea. Tulikwenda kwa chifu wa eneo, akatusikiliza vizuri, akasema jengo si lake. Tulikwenda wilayani, wakasema kambi ina wakubwa wake. Wakubwa wa kambi wakasema mambo ya kale yana ofisi yake Lilongwe. Lilongwe wakasema lazima wilaya ianze. Sisemi walitudanganya. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake, na mkiziweka kweli zote pamoja zinafanya duara. Kila mara ilibidi kwanza kuomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na mara nyingi ruhusa ilitoka siku moja baada ya kikao. Tukiipata, ni kushuka mpaka kituo cha Lumbadzi, kushika minibasi ya mjini, kufuta viatu, kukaa kwenye benchi. Nimekaa kwenye benchi nyingi. Ukuta wa nyuma ukiwa umepakwa rangi ya mafuta, usiegemee, inaacha alama mgongoni.

Tulishinda mara moja. Halmashauri iliandika sentensi moja katika muhtasari wake, kwamba jengo lisiguswe mpaka ofisi ya Lilongwe itoe maoni. Bambo Kamwendo alinifanya nimsomee mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho na midomo yake ikawa inapiga chapa.

Halafu shule ikajaa. Hapa lazima niseme sawasawa, kwa sababu nikilalamika upande mmoja mtafikiri kulikuwa na watu wabaya. Watu wengi walirudishwa kutoka mjini na watoto wao, na madarasa hayakuongezeka. Mjukuu wangu mwenyewe alikuwa anakaa chini, anaandika juu ya goti. Jengo letu lilikuwa na paa bovu, matofali mazuri, na kiwanja. Wazazi wakaomba livunjwe, madarasa yajengwe hapohapo. Nani anaweza kusimama mbele ya mzazi na kusema mikwaruzo kwanza? Mimi nilisimama. Niliomba ubaki ukuta mmoja tu, wa seli ya Bambo Kamwendo, darasa lijengwe kwa kuuegemea. Nilichora hata mchoro. Sijui kama ungesimama; mvua na chokaa ya zamani si marafiki.

Ofisi ya Lilongwe ikakubali kusikiliza, na ikasema jambo la haki kabisa: tuonyesheni kwamba watu wa pale wanautaka. Leteni saini.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Neema alichora karatasi yenye nafasi mbili, jina na saini. Mi nikasema haitoshi. Kambini kuna akina Neema wangapi, akina Ramazani wangapi? Nikamwambia aongeze mtaa, idadi ya watu wa nyumba, na namba ya kadi ya familia. Nilitaka kazi safi. Tangu nifike Dzaleka sijaona mtu akiandikwa bila namba ya kadi, iwe kwa unga, kwa sabuni, au kwa maziko. Haikunijia kichwani kwamba karatasi inaweza kuandikwa vingine.

Tukaweka meza karibu na bomba la maji. Siku ya kwanza watu ishirini hivi. Siku ya pili, nilipofika asubuhi, mstari ulikuwa umezunguka bomba na kupotea nyuma ya nyumba za Warundi. Nawaandikia kweli: machozi yalinitoka. Nilimwambia Neema, "Unaona? Watu wanapenda mambo ya zamani, ni kwamba hawajawahi kuulizwa." Neema alivuta karatasi nyingine, akaita anayefuata. Nadhani alishaelewa.

Mi nilielewa siku ya tatu, alipofika mezani Mama Sifa, mjane anayeuza mandazi palepale kwenye bomba. Alikuwa na bahasha.

"Bonjour, Papa Rama. Nimeleta na foto za batoto."

"Foto za nini, mama?"

"Za dossier. Kesho basiseme yangu haiko kamili." Akazipanga mezani, watoto wanne, na kadi zao za chanjo.

"Mama Sifa, hii haiko liste ya kwenda nchi ya tatu, ya kupanda ndege. Ni ya ukuta. Ule ukuta wa jela."

Akatazama nyuma, akatazama pembeni, akainama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa karatasi. "Njo, Papa, ndiyo. Najua. Ya ukuta." Akanikonyeza. "Mi sitaambia mutu."

Nyuma yake mwanaume akapiga kelele, "Songa, mama! Ukuta inatungoja!" Mstari mzima ukacheka, ile furaha ya watu wanaoshika siri moja.

Nilipanda kwenye kiti. Nilisema kwa Kiswahili, Neema akasema kwa Kirundi kile anachokijua, kwamba hapa hakuna ndege, hakuna Kanada, hakuna unga, kuna ukuta tu. Waliitikia kwa kichwa, wapole kabisa. Nilipomaliza, wale waliosikia walikimbia kuwaita jamaa zao. Kambini liste nzuri huanza kwa kukanushwa. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo mstari ulivyorefuka.

Nami nikashuka kwenye kiti, nikakaa, nikaendelea kuandika mpaka jioni. Hilo nalitia wino. Ningeweza kukunja meza. Nilijiambia nimeshawaeleza. Mama Sifa nilimwandika kwa mkono wangu, na watoto wake wanne, na namba yake ya kadi, na foto nikamrudishia. Alizipokea kwa huzuni, kana kwamba nimemwambia bado kidogo.

Tulibeba faili nene Lilongwe. Ofisi ile ilikuwa na mama mmoja afisa, mtu wa adabu, aliyetupa viti kabla hatujasalimia. Alilifungua, akafunua ukurasa, akafunua tena, akaita mwenzake aje aone.

"Sijawahi kuona watu wengi hivi kwa jengo lolote," alisema. "Hawa wote wanautaka huu ukuta?"

"Ndiyo, Madam," Neema alijibu kwa Kiingereza, haraka.

Yule mama akanigeukia. Aliuliza kwa Chichewa, pengine kwa heshima tu, kwa sababu ya mvi zangu. "Na wewe, bambo? Wewe ndiye mwenyekiti."

Nilisikia kiatu cha Neema juu ya kiatu changu. Nikasema, "Madam, wanataka kwenda nchi ya tatu. Niliweka namba ya kadi. Wakafikiri ni liste ya safari. Niliwaambia si hiyo, hawakuamini, nami nikaendelea kuwaandika."

Alivua miwani. "Kati yao wangapi wanautaka ukuta?"

"Sijui, Madam. Mimi. Huyu. Na Bambo Kamwendo wa Mtandire."

Ningependa kuandika kwamba ulikuwa uaminifu. Sina hakika. Huenda niliogopa foto zile nne. Huenda kilikuwa kiburi cha fundi asiyetaka kukabidhi ukuta uliopinda. Yule mama hakunikaripia. Alisema hawezi kuiweka karatasi hii mbele ya kikao sasa kwa kuwa amejua, na kwamba kikao ni wiki ijayo, tulete nyingine, bila namba za kadi.

Tulirudi kwa minibasi, tukashuka Lumbadzi. Pale, katikati ya wauza nyanya, Neema alisimama.

"Leo umefuta roho yako sawa unavyofuta viatu, Papa. Na kitambaa njo ule ukuta."

"Tungewadanganya wale watu."

"Nani amewadanganya? We ulipanda kwenye kiti, ukasema. Kila mutu alisikia. Walichagua kutoamini. Mi nilipoteza cherehani, Papa, nilipoteza atelier ya kushona, kitu moja nilikuwa natengeneza hapa njo ile." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Ungenyamaza tu. Si kusema uongo. Kunyamaza."

Nimeyapima maneno yake mara nyingi, na sijapata mahali alipokosea. Hakurudi kwenye komite. Msimlaumu, na mkikutana naye msalimieni kwanza ninyi.

Tulirudisha meza kwenye bomba, na karatasi ya jina na saini tu. Watu waliikaribia, wakatafuta nafasi ya namba ya kadi, hawakuiona, wakaondoka. Ukurasa mmoja haukujaa. Kikao kiliamua kwamba hakina pingamizi jengo likivunjwa, mradi lipigwe picha kwanza. Alikuja mtu na kamera nzuri, akafanya kazi yake kwa uangalifu siku nzima. Nina hakika picha zipo. Sijaziona.

Kuvunja waliniita mimi, kwa kuwa nayajua matofali yale. Nilikwenda. Niliomba siku moja ya kumtoa Eliza. Nilichemsha gundi ya unga wa muhogo, nikabandika shuka la zamani juu ya plasta, nikangoja likauke, nikapitisha mwiko nyuma taratibu. Msijaribu hivyo. Ile chokaa ilikuwa na mchanga mwingi, ilikandwa na watu wasiotaka kuikanda. Shuka lilitoka na vumbi jeupe, na kwenye ukuta hakikubaki kitu. Wavunjaji walisimama pembeni na nyundo zao, wakanipa muda, hawakucheka.

Nilikwenda Mtandire mwenyewe kumwambia mzee. Alikuwa amelala kitandani mchana, kifua kilikuwa kinamsumbua. Nilimweleza yote, na foto, na mstari, na Madam.

"Unajua niliingiaje mle?" alisema. "Jina langu lilikuwa kwenye karatasi. Kuna mtu alikaa mezani akaliandika, na mimi sikujua ni karatasi ya nini."

Nikashukuru moyoni. Nilidhani ananisamehe.

"Lakini ule ukuta," akasema, "wewe ungeweza kunyamaza, achimwene." Akageukia upande wa pili. Grace alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia zikomo, asante, kwa vile ndivyo mtu anavyosema. Mzee alifariki kabla ya mvua. Sikupata ruhusa ya kutoka kambini siku ya maziko.

Madarasa yamejengwa. Niliyajenga pia mimi, na nawaambia matofali ya jela ni mazuri kuliko yoyote tunayochoma sasa. Mjukuu wangu anakaa kwenye dawati. Nikipita nasikia watoto wanasoma herufi kwa sauti, na najua ni jambo jema, na sipati furaha yoyote. Ninyi mnaobaki mna nini cha kulinda? Mna sentensi moja katika muhtasari wa halmashauri, kuhusu jengo ambalo halipo. Labda kuna ukuta mwingine. Nimeutafuta, sijauona.

Faili nawaachia. Ile liste ya kwanza imo, sikuichana, nanyi msiichane, kwa sababu hii. Mama Sifa bado anauza mandazi pale kwenye bomba. Siku jengo lilipoisha kuvunjwa alinifuata, akanipa mandazi mawili kwenye gazeti, akakataa kulipwa.

"Papa Rama, ukuta njo umeanguka," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa liste yetu imefika wapi?"

Kule Lilongwe niliisema kweli yote mbele ya watu, na ukuta ukaanguka kwa ajili yake. Pale kwenye bomba nilikuwa na mandazi ya moto mkononi, na sikuweza.

"Jina lako liko, mama," nilimwambia.

Na liko. Ukurasa wa saba, mstari wa tatu, na watoto wanne. Tangu siku ile ananiuliza kila mwezi, nami namjibu vilevile. Nimemwambia kwamba nimeacha kazi. Amesema haina neno, atawauliza ninyi.